Mabinti watano mlangoni pa hema

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Wiki hii nzima nimekwama kwenye Hesabu 27, wale mabinti wa Selofehadi: Mahla, Noa, Hogla, Milka na Tirza. Baba yao kafia jangwani, hakuacha mtoto wa kiume, na nchi inakaribia kugawiwa. Wakaenda kusimama mlangoni pa hema ya kukutania, mbele ya Musa na kuhani Eleazari na wakuu na mkutano wote, hebu waone hapo, wasichana watano mbele ya wazee watupu, wakasema na sisi tupeni sehemu kati ya ndugu za baba yetu. Musa hakuwa na jibu, akapeleka kwa Mungu, na Mungu akasema hawa mabinti wamesema haki.

Nikisoma hapo nawakumbuka jirani zetu wa Rwanda. Mimi nimekulia Ngara, 1994 nilikuwa mtoto, niliwaona wakivuka mpaka pale Rusumo kuja kambi ya wakimbizi ya Benaco, mama ana godoro kichwani na mtoto mgongoni, na mwingine kang'ang'ania kanga yake asipotee. Na kule ndani walikobaki wenzao, mauaji ya kimbari yaliacha wajane na yatima wengi wa kike wakiendesha familia wenyewe, huku kwa mila shamba ni la ukoo wa mume au la kaka. Sasa unalea watoto juu ya ardhi ambayo shemeji anaweza kukuamsha asubuhi akakwambia toka!

Mwaka 1996 wabunge wanawake wa Rwanda, wa vyama tofauti, wakaunda jukwaa lao, na 1999 ikapita sheria ya binti kurithi sawa na kaka yake. Walikuwa bado wachache kabisa bungeni. Katiba ya 2003 ndo ikaja na angalau asilimia 30 ya wanawake kwenye vyombo vya maamuzi, na 2008 wakafika 45 kati ya viti 80, bunge la kwanza duniani kuwa na wanawake wengi kuliko wanaume.

Wapo wanaosema bunge lile halina nguvu sana mbele ya serikali, na hoja hiyo ina uzito, siwezi kuipuuza. Hata ile sheria ya 1999 iliwaacha nje wake ambao ndoa zao hazikufungwa kiserikali, na hao hawakuwa wachache.

Ndo maana nawaomba msiishie Hesabu, fungueni Yoshua 17. Miaka imepita, Musa kashakufa, na wale wale mabinti wamesimama tena, sasa mbele ya Yoshua, wanamkumbusha kwamba Bwana alishaagiza tupewe. Yaani neno la Mungu mwenyewe lilishatoka lakini shamba walikuwa hawajalishika mkononi! Hapa nililia jamani, kwa sababu kwenye jumuiya yetu tunaye mama mjane, sheria ya ardhi ya kijiji iko upande wake, na ni mara ya tatu sasa anaitwa barazani, anaenda peke yake, anakaa kwenye benchi la nyuma anakunja na kukunjua pindo la kanga mpaka kikao kinaisha hajaulizwa kitu.

Alhamisi ameitwa tena. Tukutane saa tatu asubuhi chini ya mwembe wa ofisi ya kijiji, akina baba na nyie mje, tukae naye benchi la mbele.