Siku moja na poda yangu, msimu wa bajeti Dodoma

Saa 11 alfajiri: naosha brashi, nahesabu sponji, kila mgeni na yake. Ukisema unapaka mekapu ya televisheni, watu wanadhani unashinda na mastaa. Mwezi Juni Dodoma mimi nashinda na vipara. Kipara chini ya taa za studio kinawaka, na kazi yangu ni kukizima.

Saa 1 kipindi cha asubuhi, wageni wawili, kwisha.

Saa 7 mchana Bunge linaahirishwa hadi jioni. Mheshimiwa wa saa 7 na nusu anafika saa 8 na robo, msaidizi nyuma yake na simu mbili, zote zinaita. Suti kaiacha garini, kavaa shati la kijani la chama maana akitoka hapa ana kikao. Na nyuma ya kiti chetu kuna pazia la kijani, lile ambalo mitambo inalifuta ili kuweka picha. Shati nalo litafutwa. Kitabaki kichwa na mikono vikielea.

"Shikamoo mheshimiwa, naomba tubadili shati."

"Binti, unanivua rangi ya chama?"

Dakika ishirini. Mtangazaji anaangalia saa, mwongozaji anafoka kwenye spika za masikioni. Mwishowe dereva analeta koti, linafungwa vifungo vyote. Nainua sponji. "Hapana! Mimi mwanamume."

Nikamsimulia mdahalo wa Chicago, 1960, Nixon na Kennedy wakigombea urais wa Marekani. Nixon katoka kuugua, kakonda, kakataa mpambaji wa studio. Kwenye skrini akaonekana mgonjwa mwenye jasho.

"Na Kennedy?"

"Inasemekana alikataa mbele ya watu, akapakwa pembeni."

Akanyamaza. Kisha akamgeukia msaidizi: "Tokeni wote. Funga mlango."

Baada ya hapo saa sizikumbuki vizuri. Miguu imevimba, vumbi la Dodoma limeingia hadi kwenye poda. Jioni kaja msanii wa Bongo Fleva, kapakwa tayari na watu wake, taa anazijua kuliko mimi. Akaimba vizuri sana na maiki ambayo haijawashwa. Mmoja anajifanya hajapakwa, mwingine anajifanya anaimba, na wote nawafuta jasho kwa tishu za boksi lilelile.

Usiku, ujumbe wa msaidizi: mheshimiwa ana mahojiano kesho, nipitie mlango wa nyuma wa hoteli. Nimemjibu bei.