Kumbukumbu ya mradi: kufufua ska, rapu-roki na oltanativu za Kikristo, 1987–2003

Foleni ya awamu hii ni albamu za bendi za Kikristo za Marekani kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980 hadi 2003: ska, rapu iliyochanganywa na roki, na ule muziki wa gitaa ulioitwa oltanativu. Redio za kidunia ziliziona za kanisa mno, redio za kanisa zikaziona za kelele mno, nazo zikabaki katikati. Lebo nyingi zilizozitoa zilifungwa au zikauzwa, na kilichobaki ni CD zenyewe. Ndiyo maana mradi huu unaanzia kwenye CD ya toleo la kwanza, si kwenye kinachopatikana mtandaoni.

Mfano wa sababu: *Snuff the Punk* ya P.O.D. Albamu hiyo ilitoka 1994 kwa Rescue Records, lebo ndogo ya San Diego, bendi ikiwa changa. Mwaka 1999, P.O.D. walipokwisha kusainiwa na lebo kubwa ya Atlantic, ikatolewa upya ikiwa imechanganywa upya. Anayetaka kujua rapu-roki ilisikikaje kabla haijawa biashara kubwa anahitaji ile ya 1994, yenye ngoma kavu na sauti za rapu zilizorundikana mbele ya gitaa. Ya 1999 imepigwa pasi. Kwenye orodha yetu ni albamu mbili tofauti, kila moja na folda yake, na mwaka unaandikwa ndani ya jina la folda.

Kunakili

Tunatumia programu ya Exact Audio Copy kwenye Windows, hali ya usalama, si ile ya kasi. Mpangilio wa kwanza ni ofseti ya kiendeshi, yaani kifaa kinachosoma CD. Kila modeli ya kiendeshi huanza kusoma sampuli kadhaa kabla au baada ya mahali sahihi; vingi vya LG na Lite-On ni +6. Sampuli sita kati ya 44,100 kwa sekunde hazisikiki kwa sikio lolote, lakini bila kuzisahihisha namba ya uhakiki haitalingana na za watu wengine kwenye AccurateRip, hifadhidata ya mtandaoni ya namba hizo, na hapo hujui kama kosa ni la ofseti au la mkwaruzo. Mpangilio wa pili ni kuiambia programu kwamba kiendeshi kina kashe. Ukiacha hilo, usomaji wa mara ya pili utatoka kwenye kumbukumbu ya kiendeshi badala ya diski, nao utakubaliana na wa kwanza hata kama wote ni mbovu.

CD za bendi hizi zina shida yake: nyingi hazimo kabisa AccurateRip, au zimo kwa mtu mmoja tu. Hapo tunanakili kwa viendeshi viwili vya kampuni tofauti na kulinganisha CRC, yaani namba za uhakiki, za kila wimbo. Zikilingana, tunaamini. Wimbo mmoja ukikataa, diski inafutwa kwa kitambaa laini kuanzia katikati kwenda ukingoni, kwa mstari ulionyooka. Ukifuta kwa kuzunguka, mkwaruzo unaoacha unafuata njia ya data yenyewe, na mfumo wa kusahihisha makosa unazidiwa. Nyimbo zote zikikataa kwa pamoja, mara nyingi diski ni nzima ila imechapwa kiwanda kingine na kusogea sampuli kadhaa. Programu ya CUETools inaligundua hilo. Hifadhidata yake pia inaweza kurekebisha makosa madogo iwapo mtu mwingine amewahi kuweka diski ileile.

Dakika 45 za CD ni takriban MB 476 kabla ya kubanwa. Kwa FLAC, mfumo wa kubana usiopoteza sauti yoyote, roki nzito hushuka hadi kama theluthi mbili, na muziki mtulivu hupungua zaidi. Hakuna sababu ya kuhifadhi kwa MP3. Ukihitaji MP3 ya simu, itengeneze kutoka FLAC, kwa sababu kinyume chake hakirudishi kilichopotea.

CD za mwisho wa miaka ya 1990 nyingi zina sehemu ya data, video au picha za kompyuta, baada ya muziki. Kati ya sehemu hizo mbili pana sekta 11,400, yaani dakika 2 na sekunde 32. Programu isiyojua hilo itauhesabu wimbo wa mwisho kuwa mrefu kuliko ulivyo, kisha itakwama ikijaribu kusoma pasipo na sauti. Ukiona kiendeshi kinagugumia mwishoni mwa diski isiyo na mkwaruzo, angalia hapo kwanza. Mwanzoni pia pana maficho. Iwapo wimbo wa kwanza hauanzi mahali pa kawaida bali dakika kadhaa mbele, kuna kitu kabla yake, na kisipochukuliwa kwa makusudi hakiingii kwenye nakala.

Foleni ya ska

Ska ilizaliwa Jamaika mwishoni mwa miaka ya 1950, ikapita Uingereza na vuguvugu la 2 Tone kuanzia 1979, ikafika Marekani ikiwa imechanganyika na panki. Gitaa linakatwa kwenye nusu ya pili ya mdundo, besi inatembea bila kupumzika, tarumbeta na tromboni zinajibu sauti ya mwimbaji. Msikilizaji aliyekulia kwenye matarumbeta ya Walutheri wa Tanzania atazoea haraka, ila ajiandae kwa kasi.

Five Iron Frenzy wa Denver, bendi ya watu wanane iliyoanza 1995, ndio tulioanza nao kwa sababu katalogi yao inafundisha kila tatizo la kazi hii. *Upbeats and Beatdowns* (1996) ina sauti nyembamba. *Our Newest Album Ever!* (1997) ndiyo ya kuanzia kwa asiyewajua: shaba, yaani tarumbeta na tromboni, zimekaa mahali pake, na Reese Roper anaimba mzaha na hasira kwa pumzi moja. Watu huwakumbuka kwa mzaha na kusahau kwamba bendi hii ya makambi ya vijana iliimba waziwazi juu ya walivyotendwa wenyeji wa Amerika; kwenye albamu hiyohiyo kuna wimbo juu ya Black Kettle, chifu wa Cheyenne. Sio jambo ulilotegemea kusikia kwenye duka la vitabu vya Kikristo mwaka ule.

*Quantity Is Job 1* (1998) ndiyo inayosumbua. Mwisho wake ni opera ya mzaha iliyokatwakatwa kuwa nyimbo fupi, kila moja kwa mtindo wake. Ukizinakili kwa programu inayoongeza ukimya kati ya faili, mzaha wote unakufa. Tumehifadhi faili ya kila wimbo pamoja na faili ya CUE, inayoonyesha kila wimbo unaanzia wapi kwenye diski, na kichezeshi lazima kiwe kinaunganisha nyimbo bila pengo. Bendi ilivunjika baada ya onyesho la Denver la tarehe 22 Novemba 2003, lililorekodiwa na kutoka kwenye *The End Is Here* (2004). Ikarudi 2011, na mashabiki wakachangia Kickstarter zaidi ya dola 200,000 kwa albamu iliyotoka 2013. Kwa hiyo hawa si wa kusahaulika kabisa, ila albamu zao za katikati hazisikilizwi inavyostahili, hasa *Five Iron Frenzy 2: Electric Boogaloo* (2001), ambayo gitaa limechukua nafasi ya shaba.

The O.C. Supertones wa California wana mchanganyiko wa ska na rapu tangu mwanzo. *Supertones Strike Back* (1997) inatosha kwa mtu mwenye haraka. The Insyderz wa Detroit walichukua pambio za ibada na kuzipiga kwa ska kwenye *Skalleluia!* (1998), "Awesome God", inayojulikana na kila kwaya ya vijana ya Nairobi, imo. Kuitumia ibadani kunahitaji mpiga ngoma mwenye mapafu. The W's wa Oregon waliingiza swing kwenye *Fourth from the Last* (1998), albamu safi ambayo imebaki na tarehe ya mwaka wake usoni.

Walioachwa isivyo haki ni The Dingees. *Armageddon Massive* (1998) na *The Crucial Conspiracy* (2001) zina reggae na panki kuliko ska ya furaha, hazina pambio la kushangilia, na pengine ndiyo sababu hazikuuzika. Leo ndizo zinazosikika kana kwamba zimerekodiwa jana.

Kwa ska, suala la sauti kubwa si dogo. Kadiri miaka ilivyokwenda, CD zilitengenezwa kwa sauti ya juu zaidi, na shaba ndizo zinazoumia kwanza, kwa kuwa kilele cha tarumbeta kinakatwa na kuwa bapa. Ukifungua faili kwenye Audacity, programu ya kuhariri sauti, na kuwasha alama za kukatwa, mistari myekundu itajaa. Hilo liko kwenye diski, si kosa la kunakili, na halirekebishwi. Tunaloongeza ni ReplayGain tu, ambayo huandika ndani ya tagi (maelezo yaliyofungwa ndani ya faili) kiasi cha kupunguza ili kila albamu ichezwe kwenye kiwango cha −18 LUFS, kipimo cha ukubwa wa sauti unaosikika. Sauti yenyewe haiguswi.

Rapu-roki

Hapa foleni ni fupi na hukumu ni kali. Nyingi zimezeeka vibaya: santuri zinakwaruzwa pasipo sababu, na mistari ya rapu ni ya mtu aliyejifunza juzi. Zinazosimama ni P.O.D. wa mapema, *Brown* (1996) ikiwemo, kwa sababu reggae na hardcore (panki kali) za San Diego zilikuwa za kwao kweli. Project 86 wa *Drawing Black Lines* (2000) wamekwisha toka kwenye rapu na kuelekea pengine, na ni bora kwa hilo. Pax217 wa *Twoseventeen* (2000) wana wepesi unaowasaidia. Thousand Foot Krutch walitoka Kanada, nao wamewekwa kwenye folda ya nchi yao.

Oltanativu, na balaa la majina

Huku ndiko muziki bora uliko, na ndiko tagi zinakoharibika. Programu ya kujaza tagi kama MusicBrainz Picard inalinganisha majina na urefu wa nyimbo. Bendi hizi zilifanya kila liwezekanalo kuichanganya.

Starflyer 59 walitoa albamu mbili za kwanza, 1994 na 1995, bila jina lolote zaidi ya la bendi, kwenye majalada ya rangi tupu. Watu huziita *Silver* na *Gold*. The 77s wa Sacramento walitoa albamu yenye jina lao 1987 kwa Island, lebo ambayo mwaka huohuo ilikuwa na U2 mikononi, na usishangae nani alitangazwa. Mwaka 1992 wakaleta *Pray Naked*. Wasambazaji wakalikataa jina hilo, na albamu ikatoka kwa jina la bendi tupu. Mike Knott ni mtihani mwingine: Lifesavors, Lifesavers Underground, L.S. Underground na LSU zote ni njia za kufikia muziki wake. *Shaded Pain* (1987) ni nyeusi kuliko chochote kilichouzwa rafu moja nayo. Lebo yake mwenyewe, Blonde Vinyl, ilianguka 1993 pamoja na msambazaji wake aliyefilisika, na ndiyo maana CD zake ni adimu. Daniel Amos nao kuna wakati waliandika jina kuwa DA.

Kanuni tuliyoifuata: jina la msanii ni lile lililochapwa kwenye diski hiyo, jina la kawaida linaingia kwenye sehemu ya kupanga tu, ili zote zikae pamoja. Jina la kupewa, kama *Silver*, linawekwa kwenye maelezo, si kwenye jina la albamu. Matoleo tunayatofautisha kwa namba zilizochongwa kwenye pete ya ndani ya upande unaong'aa. Zinasomeka ukiinamisha diski chini ya taa moja, na zinapigwa picha kwa simu ikiwa kivuli kimekaa vizuri.

Vijitabu vinaskaniwa kwa dpi 600 na kuhifadhiwa bila kubanwa vibaya. Skana inaonyesha mistari ya mawimbi juu ya picha zilizochapwa kwa nukta. Kuiondoa ni kazi ya baadaye, kwenye nakala, si kwenye skani ya asili. Na kijitabu kisomwe, hasa ukurasa wa shukrani, kwa kuwa bendi zilishukuru bendi wenzao na orodha hizo zimetupa majina ambayo hakuna katalogi inayoyapanga. Njia ya pili ya kugundua bendi ni jina la studio. Gene Eugene wa Adam Again, aliyefariki Machi 2000, alikuwa na studio ya Green Room huko Huntington Beach, na kuifuata studio hiyo ni kufuata nusu ya muziki huu. Njia ya mkato ni *Scenic Routes* (1992) ya Lost Dogs: ndani yake wamo Eugene, Terry Taylor wa Daniel Amos, Mike Roe wa 77s na Derri Daugherty wa The Choir. Diski moja inafungua milango minne. Ukiingia mlango mmoja tu, ingia wa Adam Again, *Dig* (1992).

Kinachofuata: kaseti

Demo na matoleo madogo yapo kwenye kaseti. Vichwa vinasafishwa kwa alkoholi ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi. Kabla ya kurekodi, sauti inawekwa mono na skrubu ndogo ya pembe ya kichwa inazungushwa taratibu hadi matoazi yawe angavu kabisa. Pembe ikiwa mbaya, sauti za juu zinafifia na hakuna programu itakayozirudisha. Dolby B, mfumo wa kupunguza mvumo wa mkanda, iwashwe tu ikiwa kaseti ilirekodiwa nayo. Tunarekodi kwa biti 24 na 48 kHz, kilele kisizidi −6 dB. Kipande cha sponji kinachosukuma mkanda kikidondoka, jambo la kawaida kwa kaseti zilizokaa kwenye unyevu wa pwani, mkanda unahamishiwa kwenye ganda jingine la skrubu. Mvumo wa mkanda unaachwa kwenye faili ya asili, maana kuupunguza kunakula matoazi, na kwa ska matoazi ndiyo yanayoshika mwendo.