Mikrovolti Zilizokataa Kuondoka: Nilivyopima Utando wa YBCO

Ushauri ambao kila mtu yuko tayari kuutoa kuhusu kupima superkondakta, yaani kitu kinachopitisha umeme bila ukinzani wowote kikipozwa vya kutosha, ndio ulionikera kuliko yote: volteji isiposhuka hadi sifuri, ongeza mkondo ili isomeke vizuri, na ikishindikana uoke utando upya katika oksijeni. Utando wangu wa YBCO, yaani oksidi ya itriamu, bariamu na shaba, haukuwa na kasoro yoyote.

Nyaya nne zilikuwa zimeungwa kwa indiamu, metali laini, juu ya elektrodi za dhahabu, mbili za kupitisha mkondo na mbili za kusoma volteji, ili ukinzani wa maungio usiingie katika hesabu. Nilipoupoza kwa naitrojeni kimiminika, ambayo huchemka kwenye kelvini 77, volteji iliporomoka karibu na kelvini 90, kisha ikagota kwenye mikrovolti chache, yaani sehemu chache za milioni za volti. Nikaongeza mkondo kama nilivyoelekezwa. Maungio yalipata joto, mporomoko ukaonekana kwenye halijoto ya chini zaidi na ukatanuka, lakini zile mikrovolti hazikuongezeka, ilhali ukinzani halisi ungezikuza sambamba na mkondo. Hapo nikageuza mwelekeo wa mkondo. Juu ya kelvini 90 namba iliruka kutoka chanya kwenda hasi. Chini yake haikutikisika. Volteji isiyojali mkondo unaelekea wapi haiwezi kutoka kwenye utando: ilizalishwa na nyaya, ambazo ncha zake moja zimo kwenye baridi kali na nyingine kwenye joto la chumba. Siku hizi kila nukta naisoma pande zote mbili, natoa usomaji mmoja kwa mwingine na kugawanya kwa mbili.

Kipimajoto nacho kikae kwenye bamba lilelile la shaba linalobeba sampuli, na upoze polepole. Grafu ya kupoza na ya kupasha zisipolaliana, kelvini zako ni za kipimajoto, si za utando. Mtu akinionyesha moja tu, humwomba ya pili kabla ya kusifu chochote.

Kuhusu kuoka upya, oksijeni huingizwa kwenye utando wa aina hii kwa takriban nyuzi 400 hadi 500 za Selsiasi, nayo indiamu huyeyuka kwenye 157. Aliyenishauri hakutaja hata kwamba ningelazimika kuling'oa kwanza kila ungio.