Mstari Uwe Kinywani Kabla Jaribu Halijafika

Kule jangwani, katika Mathayo 4, Yesu alimjibu Ibilisi mara tatu, na majibu yote yalitoka Kumbukumbu la Torati: 8:3, 6:16 na 6:13. Hakuwa na gombo la kufunua. Neno lilikuwa tayari ndani yake.

Nawe ukitaka kukariri mistari ya Biblia hivyo, anza na jaribu linalokusumbua kweli. Hasira? Shika Yakobo 1:19-20. Tamaa ya macho, Ayubu 31:1. Kupenda fedha, Waebrania 13:5. Mstari mmoja kwa wiki unatosha. Wanaoanza na sura nzima huishia kuiacha njiani.

Gawa mstari vipande vya maneno manne au matano. Soma kipande cha kwanza kwa sauti mara tano, funika, kiseme, kisha ongeza cha pili ukianzia mwanzo. Taja sura na aya kabla na baada, maana hicho ndicho watu husahau kwanza. Kesho yake useme kabla hujafungua Biblia. Baada ya wiki, urudie kila Jumapili, la sivyo utafifia.

Usichanganye tafsiri, maneno yatagongana na ulimi utasita.

Soma pia aya za jirani. Shetani naye, alipomtaka Yesu ajitupe chini kutoka juu ya hekalu, alinukuu Zaburi ya 91, akayaacha maneno “katika njia zako zote”. Mstari uliokatwa hivyo unaweza kukupeleka ukingoni mwa hekalu.

Jaribu likija, useme kwa sauti, polepole, na uondoke mahali hapo. Yusufu alipotongozwa na mke wa bwana wake, alikimbia.