Kuacha kazi Dubai bila kuihama Dubai

Kazi yenyewe haikuwa mbaya kiasi cha kuhadithia. Nilikuwa napokea simu za watu ambao vifurushi vyao vimechelewa, katika ofisi moja ya Al Quoz, na kutwa nzima nawaomba radhi kwa niaba ya dereva nisiyemjua. Mshahara uliingia kwa wakati. Lakini ilifika pahala narudi nyumbani Deira sitaki kuzungumza na kiumbe. Hata mama akipiga kutoka Kisauni, naiacha simu ilie.

Nilipomwambia nataka kuacha, akashtuka. "Mwanangu, kazi watu waililia wewe waitupa? Na hayo makaratasi yako je?"

Hapo mama aligusa penyewe. Huku kafili wako, yaani mdhamini wako, ni mwajiri. Ukitoka kwake anakukanseli ikama, kile kibali cha kuishi hapa, na siku zako za kubaki zinaanza kuhesabiwa. Zamani ulikuwa unapewa siku 30. Tangu Oktoba 2022 wengi wameongezewa, zinaweza kufika hata 180 kulingana na aina ya ikama uliyokuwa nayo. Zikipita hujajipanga, faini ni dirhamu 50 kila siku. Na ile bima ya kupoteza kazi tunayolipia tangu 2023 usiitegemee: aliyeacha kazi mwenyewe halipwi.

Wenzangu wa pwani walinishauri kila mtu lake. Kuna visa ya kutafuta kazi, ya siku 60, 90 au 120, isiyohitaji kafili, lakini inataka digrii na mimi nina diploma. Kuna kibali cha kujitegemea. Nikapiga hesabu ya ada zake, nikafunga daftari. Akabaki mume wangu. Anayelipwa dirhamu 4,000, au 3,000 pamoja na nyumba, anaweza kumdhamini mkewe, na yeye anazidi hapo.

Sikuipenda. Mimi ndiye niliyetangulia kufika nchi hii, kwa visa yangu na jasho langu, halafu leo niandikwe chini ya mtu?

"Chini yangu wapi, bwana," akasema. "Ni karatasi tu."

Karatasi tu, lakini ilitutoa jasho. Cheti chetu cha nikaha cha kwa Kadhi kilikuwa Mombasa, kabatini kwa mama. Ili kikubalike huku lazima kigongwe muhuri wizara ya mambo ya nje Nairobi, kisha ubalozi wa Imarati hapo hapo Nairobi, kisha kikifika huku kigongwe tena wizara ya nje ya hapa, na kitafsiriwe Kiarabu na mfasiri aliyesajiliwa. Kaka yangu alipanda treni nacho, na kila muhuri una ada yake. Kiliporudi, nyuma hakikuwa na nafasi hata ya kuweka kidole. Haya yote niliyafanya bado naenda kazini, naomba radhi za vifurushi kama kawaida. Nawasisitizia wanaoniuliza: cheti kiwe mkononi kwanza, barua ya kuacha kazi baadaye. Ukianza na barua, utakuwa unausubiri muhuri wa Nairobi huku siku zako zinakwisha.

Notisi nikaimaliza yote. Siku ya kukanseli, jamaa wa ofisini akaniletea fomu ya Kiarabu na Kiingereza, chini kabisa imeandikwa kwamba nimepokea haki zangu zote. Sikuwa nimepokea hata senti. "Weka sahihi, pesa zitaingia." Nikamwambia zikiingia nitaweka. Akanuna. Sheria mpya ya kazi, iliyoanza Februari 2022, inampa mwajiri siku 14 baada ya mkataba kwisha, na kiinua mgongo ni mshahara wa msingi wa siku 21 kwa kila mwaka katika miaka mitano ya kwanza, hata kama umeacha mwenyewe, mradi umetimiza mwaka. Ziliingia. Nikaweka.

Baada ya hapo ilikuwa wepesi: kituo cha Amer kinachoshughulikia visa, kipimo cha damu, picha ya kifua, alama za vidole. Sikuvuka hata mpaka. Waliotutangulia walikuwa wanapelekwa kisiwa cha Kish, Iran, wakalale huko wakisubiri visa mpya.

Sasa nafundisha chekechea asubuhi. Mwajiri alinitolea kibali cha kazi tu kutoka wizara ya kazi, ikama haimhusu. Nikiwachoka, kitakachofutwa ni kibali, nami nitalala kwangu bila wasiwasi wa siku.

Udhaifu wa mpango huu naujua: mume wangu akiacha kazi, tunakanseliwa sote wawili. Juzi alirudi amekasirika, akaanza, "Yule bosi wangu, wallahi..." Nikamwambia anywe chai kwanza. Zamu ya kuvumilia bosi kwa sasa ni yake.