Jinsi nilivyozihamisha patasi za kukerezea

Katika banda langu la kukerezea mbao hapa Wete, yaani kuzichonga kwa patasi huku mashine ikizizungusha, patasi nilizilaza kwenye rafu iliyo nyuma ya mashine, nami kila nilipobadilisha chombo nilipitisha mkono juu ya mti unaozunguka, hadi siku mkono wa shati uliponaswa na kipande cha mfenesi. Nilichukua ubao, nikautoboa matundu ya kuchomeka patasi, yanayopenya hadi chini ili maranda yasijazane humo na kushika unyevu unaoleta kutu, kisha nikaupigilia ukutani upande wa kulia, mipini ikiwa juu, usawa wa kiwiko. Jiwe la kunolea nalo nililisogeza karibu, likawa hatua mbili tu kutoka mashine, kwa kuwa likiwa mbali mtu huvumilia patasi butu, na patasi butu ndiyo inayochana mbao.