Tsumago na Magome: Pa Kusimama na Kamera Katika Bonde la Kiso

Wengi wanaokwenda Japani kwa nia ya kupiga picha za nyumba za kale huishia Kyoto, na hasa katika vichochoro vya Gion, ambako umati wa wageni umekuwa mkubwa kiasi kwamba mwaka 2019 wakazi waliweka mabango ya kukataza picha katika njia zao binafsi na kutangaza faini ya yeni 10,000. Siwalaumu hata kidogo. Hata hivyo, msomaji ambaye shauku yake hasa ni mbao zilizokolea weusi, penu ndefu na barabara isiyopita magari, ningemshauri apande treni Nagoya aelekee kaskazini-mashariki hadi bonde la Mto Kiso, ambako miji midogo miwili, Magome na Tsumago, ingali imesimama juu ya njia ya kale iitwayo Nakasendo.

Njia hiyo, yenye urefu wa kilomita zipatazo 530, iliunganisha Edo, ambayo ndiyo Tokyo ya leo, na Kyoto kwa kupita milimani. Katika enzi ya Edo, kati ya 1603 na 1868, ilikuwa na vituo rasmi 69 vya kupumzikia, kila kimoja kikiwa na nyumba za wageni, mazizi ya farasi na wapagazi. Tsumago kilikuwa kituo cha 42 na Magome cha 43. Mpiga picha hana budi kujua jinsi vituo hivi vilivyonusurika, kwa sababu karibu kila kitu atakachokiona ndani ya fremu yake kimetokana na kisa hicho. Reli iitwayo Chuo (Chūō) ilipokamilika mwaka 1911 ilifuata mto, ikaiacha Tsumago pembeni. Biashara ya wasafiri ikafa, vijana wakahama, na nyumba zikabaki kama zilivyokuwa, kwa kuwa hakuna aliyekuwa na fedha za kuzibomoa na kujenga nyingine. Mwaka 1968 kazi ya kuzikarabati ilianza, na mwaka 1971 wakazi walijiwekea mkataba wenye masharti matatu: nyumba zisiuzwe, zisikodishwe, zisibomolewe. Mwaka 1976 Tsumago ikawa miongoni mwa maeneo ya kwanza kabisa kulindwa na taifa kama makundi ya majengo ya jadi.

Matunda ya uamuzi huo yanaonekana mara tu unapoinua kamera. Katika barabara kuu hakuna nguzo za umeme, hakuna nyaya zinazokata anga, na mchana magari hayaruhusiwi kupita. Anayejua adha ya kuhangaika na nyaya na mabango ya simu kila anapojaribu kupiga picha ya mlango mmoja wa Mji Mkongwe, Unguja, atanielewa ninaposema kwamba utulivu huu wa fremu peke yake unatosha kumlipa mtu nauli.

Ndani ya Tsumago, mahali panaponivutia kuliko pote ni mtaa wa Terashita, upande wa kusini, uliokuwa wa kwanza kukarabatiwa. Barabara hapa ni nyembamba na inapinda kidogo, kwa hiyo nyumba hazijipangi kama askari bali zinachungulia moja nyuma ya nyingine, huku ghorofa za juu zikijitokeza mbele kuliko za chini. Lenzi pana, ambayo wageni wengi huitumia, huziharibu nyumba hizi: kuta hulala, na barabara huonekana tupu katikati. Mimi hupendelea lenzi ya milimita 50 au hata 85, inayoona eneo finyu zaidi, kisha narudi nyuma kadiri barabara inavyoruhusu, ili penu za mapaa zibanane na mlima ulio nyuma usogee karibu. Anayetumia simu asikimbilie kuikamata barabara nzima. Asogee hadi kwenye kona, aache ukingo wa paa moja uingie juu ya fremu, na barabara itajipanga yenyewe.

Hatua chache kutoka hapo ndipo ilipo masugata, yaani pale ambapo njia ya kale inakunjwa kwa makusudi kama herufi Z. Ilijengwa hivyo ili jeshi la adui lisiweze kuingia mjini kwa mbio moja. Kwa mpiga picha, mkunjo huo umetengeneza kitu ambacho hakipatikani kwenye barabara iliyonyooka, yaani ngazi za mawe, ukuta wa mawe na nyumba zilizo kwenye viwango viwili. Ukisimama chini unapata ngazi zikipanda kuelekea mapaa. Ukisimama juu unapata njia ikizama katikati ya nyumba. Mvua ikinyesha, usikimbie. Mawe yakilowa hushika rangi ya anga, mbao hukolea, na mwavuli wa mpita njia mmoja unatosha kuifanya picha ikamilike.

Juu ya mtaa huo kuna hekalu la Kotokuji. Watu wengi hupita bila kupanda, nami sielewi kwa nini, maana kutoka kwenye uwanja wake unayaona mapaa ya Tsumago kwa chini, na ndipo unapobaini kwamba uzuri wa mji huu umo katika mapaa zaidi kuliko katika milango. Baadhi yake yamefunikwa kwa vibao vilivyokandamizwa kwa mawe, kama ilivyokuwa desturi ya bonde hili. Anayetaka kuuona mji wote pamoja na milima inayouzunguka atembee kaskazini hadi mahali palipokuwa na ngome ya Tsumago. Ngome yenyewe haipo tena, umebaki msitu na uwanda mdogo, lakini mtazamo wake ni mpana. Njiani, kwenye mwisho wa kaskazini wa mji, utapita ubao mkubwa wa matangazo ya serikali ya zamani, kosatsuba, na karibu yake gurudumu la maji. Gurudumu hilo hupigwa picha kupita kiasi, na sina la kuongeza juu yake.

Nitakaa zaidi katika nyumba iitwayo Wakihonjin Okuya. Wakihonjin ilikuwa nyumba ya pili kwa hadhi katika kituo, iliyowapokea wakubwa pale nyumba ya kwanza, honjin, ilipokuwa imejaa. Jengo la sasa lilijengwa mwaka 1877 kwa mti wa hinoki, na hilo lilikuwa jambo kubwa, kwani katika enzi ya Edo mwananchi wa kawaida alikatazwa kuikata miti hiyo katika misitu ya Kiso, na adhabu yake ilikuwa kali mno. Enzi ilipobadilika, wenye nyumba wakajenga kwa mti uleule uliokuwa haramu. Ndani yake kuna chumba chenye meko iliyochimbwa sakafuni, ambayo moto wake huwashwa hadi leo, na moshi wake wa miaka mingi ndio uliozing'arisha mbao hadi zikawa nyeusi kama mpingo.

Katika majira ya baridi, jua linapokuwa chini, mwanga wa mchana hupenya kwenye madirisha ya kimiani yaliyo juu ukutani na kukutana na moshi unaopanda kutoka kwenye meko. Hapo miale hujichora hewani, mirefu na iliyonyooka, ikishuka kwa mshazari hadi sakafuni, kila mmoja ukitenganishwa na mwenzake na kivuli cha ubao wa dirisha. Moshi ukizidi, miale hunenepa. Ukipungua, hufifia hadi usiione, kisha mwenyeji akisukuma kuni kidogo inarudi. Kamera ikiachiwa ichague yenyewe, itauona weusi mwingi wa chumba na kuangaza picha kupita kiasi, na miale itapotea kwenye ukungu wa kijivu. Pima mwanga kwenye mwale wenyewe, punguza mwanga wa picha kwa hatua moja au mbili, na ukubali pembe za chumba ziwe giza, kwa sababu ndivyo zilivyo. Hifadhi faili ghafi (RAW) ikiwa kamera yako inaruhusu. Wakati wa kiangazi jua huwa juu sana na miale mirefu ya namna hii haipatikani. Hii ndiyo sababu moja tosha ya kwenda Kiso wakati wa baridi, wakati ambao wengi huukwepa. Uliza mlangoni kuhusu taratibu za picha kabla ya kuingia, na stendi ya miguu mitatu ibaki kwenye begi.

Magome ni mji wa tabia nyingine. Wakati Tsumago imejificha bondeni, Magome imepanda mgongo wa kilima, na barabara yake ya mawe inapanda kwa ukali kati ya nyumba na bustani zilizoshikiliwa na kuta za mawe. Moto uliiteketeza mwaka 1895 na tena 1915, kwa hiyo nyumba zake nyingi ni mpya kuliko zinavyoonekana. Saa sita mchana, mabasi ya watalii yanapokuwa yameshusha abiria, barabara hiyo ni soko la vitafunio na zawadi, na sioni haja ya kuificha hali hiyo. Nenda asubuhi na mapema, maduka yakiwa bado yamefungwa. Ukifika juu kabisa kuna kilima cha kutazamia, na mbele yako husimama Mlima Ena wenye urefu wa mita 2,191. Baada ya usiku wa mvua, ukungu hujaa kwenye mabonde yaliyo chini yake, na hapo lenzi ndefu ina kazi: kata anga, kata barabara, baki na tabaka za vilima tu. Jioni geuka upande wa pili, kwani kuelekea magharibi nchi inafunguka na jua huzama mbali, jambo lisilowezekana Tsumago, ambako milima hulimeza jua mapema.

Kati ya miji hii miwili kuna njia ya miguu ya kilomita zipatazo 8, na mtu mwenye kamera atenge saa nne badala ya zile mbili au tatu zinazotajwa kwa kawaida. Magome iko kwenye mwinuko wa mita 600 hivi, kilele cha njia kinakaribia mita 800, na Tsumago iko kwenye mita 420, kwa hiyo anayeanzia Magome hupanda kidogo na kuteremka sana. Kuna sababu nyingine ya kufuata mwelekeo huo: alasiri jua linakuwa mgongoni mwako, likiangaza nyumba za vitongoji na mashamba ya mpunga unayoyakaribia. Njiani zimewekwa kengele za chuma ambazo msafiri huzipiga ili dubu wasikie na kujitenga. Kengele hizo zenyewe ni picha nzuri kwa karibu, hasa kamba iliyochakaa kwa mikono ya watu na msitu uliofifia nyuma yake. Kuna nyumba ya kale ya chai ambayo hupokea wapita njia kando ya meko, na mbele zaidi njiani maporomoko mawili ya maji, Odaki na Medaki, ambayo hupigwa picha vizuri siku ya mawingu. Jua likiwa kali, povu la maji huungua na mawe huwa meusi tii.

Njaa ikikushika katika mji wowote kati ya hii, tafuta gohei mochi, wali uliopondwa na kubandikwa kwenye kijiti, ukapakwa mchuzi wa miso (soya iliyochachushwa) na kokwa za jozi (walnut), kisha ukachomwa. Mpishi akikuruhusu, piga picha pale mchuzi unapoanza kuchemka na kushika weusi pembezoni.

Kuhusu adabu nitasema machache. Nyumba hizi zinakaliwa na watu. Nguo zilizoanikwa, viatu mlangoni na bibi anayefagia mbele ya nyumba yake si mapambo. Ukitaka kumpiga picha, inama kidogo, onyesha kamera, subiri jibu, na akipunga mkono kukataa, endelea na safari yako. Usiingie kwenye ua ili upate pembe nzuri zaidi. Droni nayo ni afadhali uiache: tangu Juni 2022 kila yenye uzito wa gramu 100 au zaidi lazima iwe imesajiliwa, na juu ya mitaa ya namna hii utakuwa unatafuta ugomvi bure.

Kufika ni rahisi. Kutoka Nagoya, treni ya haraka ya Shinano hufika Nakatsugawa kwa muda wa kama dakika 50, na kutoka hapo basi hupanda hadi Magome kwa nusu saa hivi. Kwa Tsumago kituo cha karibu ni Nagiso, dakika kama kumi kwa basi, lakini treni chache za Shinano husimama hapo, kwa hiyo soma ratiba kabla ya kununua tiketi. Muhimu kuliko yote ni kulala palepale. Mabasi ya jioni yakishaondoka, wageni wa mchana huondoka nayo, taa zinawashwa chini ya penu, na kwa muda wa kama dakika ishirini buluu ya anga na njano ya taa hulingana nguvu. Hapo ndipo barabara ya Terashita hupigwa picha. Nyumba za wageni ni chache na vyumba vyake hujaa haraka mwezi Novemba majani yanapogeuka rangi, hasa kuelekea tarehe 23, siku ambayo wakazi wa Tsumago huvaa mavazi ya enzi ya Edo na kuandamana mjini. Weka nafasi miezi kadhaa kabla, na uwaulize wenyeji saa ya chakula cha jioni, maana huandaliwa mapema, mara nyingi wakati uleule ambao mwanga wa nje unakuwa mzuri. Ukiomba kwa upole wakati wa kuweka nafasi, baadhi yao hukubali kukichelewesha kidogo.